Mgombea mwenza ni mtoto wa nyumbani. Je, Songea tumempima au tumemshangilia tu?

Mfaranyaki, Songea. Tangu Jumapili ya Januari 19, 2025, ukikaa kwenye kijiwe chochote cha bodaboda hapa Mfaranyaki, mada inarudi palepale. Siku hiyo Mkutano Mkuu Maalumu wa CCM pale Dodoma ulimpitisha Rais Samia Suluhu Hassan kugombea urais wa Muungano, na Balozi Dk. Emmanuel Nchimbi akatangazwa kuwa mgombea mwenza wake.

Kwa mikoa mingine ilikuwa habari ya siasa tu. Kwetu ilikuwa habari ya familia. Nchimbi ndiye aliyekuwa mbunge wetu wa Songea Mjini kuanzia 2005 hadi 2015. Kuna watu hapa mtaani wamewahi kumpigia kura, wengine wamewahi kugombana naye, na wengine bado wanamdai majibu.

Kampeni zilianza rasmi Agosti 28, 2025 na kura ilikuwa Oktoba 29. Tukae chini tumpime. Siyo kwa chuki, siyo kwa mahaba.

KWA UFUPI
• Mgombea mwenza hapigiwi kura peke yake. Ukimchagua Rais, umemchagua na Makamu.
• Ruvuma ina watu kama 3 katika kila 100 nchini. Yaani hakuchukuliwa kwa ajili ya kura zetu.
• Samia hawezi kugombea tena 2030. Hapo ndipo nafasi hii inakuwa nzito.
• Tanzania tayari imewahi kupata Rais aliyeingia kama mgombea mwenza.

KENYA NA MAREKANI WANAPIMAJE?

Tuanze kwa wenzetu, maana huko upimaji wa mgombea mwenza ni mchezo wa wazi. Na jina linalopimwa mara nyingi ni la gavana.

Marekani, Agosti 6, 2024, Kamala Harris alimtangaza Tim Walz, gavana wa Minnesota. Kabla ya hapo nchi nzima ilikuwa inamlinganisha na Josh Shapiro, gavana wa Pennsylvania. Hesabu yao ilikuwa rahisi kuielewa: Rais wa Marekani hapatikani kwa jumla ya kura za wananchi moja kwa moja. Kila jimbo lina kura zake za uchaguzi, na ukifikisha 270 kati ya 538 umeshinda. Pennsylvania ina 19, Minnesota ina 10. Kwa hiyo ukimchukua gavana, unatarajia aje na jimbo lake mkononi.

Je, inafanya kazi? Harris alishinda Minnesota, akapoteza Pennsylvania, akapoteza na uchaguzi. Upande wa pili, Donald Trump hakuchukua gavana safari hiyo, alimchukua seneta wa Ohio, JD Vance. Lakini mwaka 2016 alikuwa amemchukua gavana wa Indiana, Mike Pence. Hakuna kanuni moja.

Kenya nao wana magavana 47 wanaochaguliwa na wananchi tangu 2013. Mwaka 2022 majina ya magavana yalijaa kwenye orodha za watu waliotajwa: Anne Waiguru wa Kirinyaga, Lee Kinyanjui wa Nakuru, Wycliffe Oparanya wa Kakamega, Hassan Joho wa Mombasa, Charity Ngilu wa Kitui. Mwisho wa siku hakuna hata mmoja aliyepita kwenye kambi mbili kubwa. Mei 15 William Ruto alimchukua mbunge wa Mathira, Rigathi Gachagua. Kesho yake Raila Odinga akamchukua Martha Karua, ambaye mwaka 2017 aligombea ugavana wa Kirinyaga na kushindwa na huyo huyo Waiguru.

Kwa nini wote wawili waliangalia upande wa Mlima Kenya? Kwa sababu Kenya unahitaji zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau robo ya kura katika kaunti 24. Eneo lenye kura nyingi linakuwa na bei. Ruto alishinda kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila. Kwenye mbio za karibu namna hiyo, mgombea mwenza anaweza kuwa ndiye tofauti.

Kumbuka pia kilichofuata. Oktoba 17, 2024 Seneti ya Kenya ilimwondoa Gachagua madarakani. Mtu aliyeletwa kwa ajili ya kura za eneo lake alidumu miaka miwili tu na ushee. Kumbe kuleta kura ni jambo moja, na kufanya kazi pamoja ni jambo jingine kabisa.

SISI HATUNA MAGAVANA

Hapa kwetu usijaribu kutafuta gavana. Tuna Mkuu wa Mkoa, na Mkuu wa Mkoa anateuliwa na Rais. Leo yuko Ruvuma, kesho anahamishiwa Tabora, keshokutwa uteuzi umetenguliwa. Hana kura zake. Hana mkoa anaoweza kuuweka mezani na kusema, nichukueni mimi nije na hawa.

Na hata kama angekuwa nao, hesabu yetu ni tofauti. Tanzania kura za Rais zinajumlishwa nchi nzima, na anayepata nyingi kuliko wenzake anatangazwa. Hakuna sharti la nusu, hakuna robo ya mikoa kadhaa.

Sasa weka Ruvuma kwenye mzani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,848,794 mkoani kwetu. Nchi nzima ni 61,741,120. Dar es Salaam peke yake ni 5,383,728. Mwanza ni 3,699,872. Kama lengo lingekuwa kutafuta mtu wa kuja na kura, kusingekuwa na sababu ya kuja kupiga hodi Songea.

Angalia pia nguvu ya chama chenyewe. Mwaka 2015, uchaguzi uliokuwa mgumu kuliko yote kwa CCM tangu vyama vingi virudi, John Magufuli alipata asilimia 58.46 na Edward Lowassa 39.97. Mwaka 2020 Magufuli alitangazwa kuwa na zaidi ya asilimia 84. Chama kinachotangazwa kwa tofauti hizo hakimchagui mgombea mwenza kwa kuhesabu kura za mkoa wake.

Kwa hiyo ile kauli ya kijiweni kwamba Ruvuma tumepewa zawadi kwa sababu tunapiga kura nyingi, tuiweke pembeni. Haishiki kwenye hesabu.

KILICHOMLETA: MUUNGANO KWANZA

Utaratibu wa mgombea mwenza uliingia kwa mabadiliko ya 11 ya Katiba, ukatumika mara ya kwanza kwenye uchaguzi wa 1995. Ibara ya 47 inasema Rais akitoka upande mmoja wa Muungano, Makamu anatoka upande wa pili. Ukitaja Rais wa Bara, unatafuta Makamu Zanzibar. Ukitaja Rais wa Zanzibar, unageuza.

Sasa angalia orodha ya wagombea wenza wa CCM tangu hapo. Omar Ali Juma. Ali Mohamed Shein. Mohamed Gharib Bilal. Samia Suluhu Hassan. Wote Wazanzibari, kwa sababu wagombea urais wote walikuwa wa Bara. Philip Mpango wa Kigoma ni wa Bara, lakini yeye hakupita kwenye sanduku kama mgombea mwenza. Samia alipoapishwa Machi 19, 2021 baada ya kifo cha Magufuli, alipendekeza jina la Mpango na Bunge likalithibitisha.

Maana yake ni hii: mwaka 2025 ndiyo mara ya kwanza CCM ilikwenda kwenye uchaguzi mkuu ikiwa na mgombea mwenza kutoka Bara. Kwa miaka 30 hakuna kijana wa Songea, Mwanza wala Arusha aliyekuwa na nafasi hiyo ndani ya chama tawala. Mlango ulifunguka kwa sababu mwenye kiti cha juu anatoka Zanzibar.

Mpango mwenyewe aliomba kupumzika. Rais aliueleza mkutano wa Dodoma hivyo. Nafasi ikawa wazi, na aliyekuwa jirani nayo zaidi alikuwa Katibu Mkuu wa chama. Nchimbi alikuwa kwenye kiti hicho tangu Januari 2024, akishika nafasi ya Daniel Chongolo aliyejiuzulu. Agosti 23, 2025 naye alimpisha Dk. Asha-Rose Migiro ili ashughulike na kampeni.

MZANI WA KWANZA: UZOEFU

Hapa huwezi kumbania. Ukiandika CV yake, karatasi moja haitoshi.

Aliongoza Umoja wa Vijana wa CCM kwa miaka kumi, 1998 hadi 2008. Alikuwa Mkuu wa Wilaya ya Bunda. Akawa mbunge wetu vipindi viwili. Akapita kwenye unaibu waziri, kisha akawa Waziri wa Habari, Vijana, Utamaduni na Michezo, halafu Waziri wa Mambo ya Ndani kuanzia Mei 2012. Baadaye balozi nchini Brazil, kisha Misri. Mwishowe Katibu Mkuu wa chama.

Chama anakijua kuanzia shina hadi Kamati Kuu. Serikali anaijua. Nje ya nchi amekaa. Mtu wa namna hii hahitaji kufundishwa faili linatembeaje.

Lakini uzoefu ni upande mmoja wa shilingi. Upande wa pili ni kwamba mtu aliyekaa sana ana mengi ya kuulizwa.

MZANI WA PILI: REKODI

Desemba 2013 Nchimbi alipoteza uwaziri wa Mambo ya Ndani. Hakuwa peke yake. Mawaziri wanne walitoka kwa mpigo baada ya kamati ya Bunge kuwasilisha ripoti kuhusu Operesheni Tokomeza, ile ya kupambana na majangili. Operesheni ilisitishwa baada ya malalamiko mazito ya wananchi kuteswa, kuporwa mifugo na wengine kuuawa.

Tuwe wakweli hapa. Ripoti haikusema Nchimbi alimpiga mtu. Alitoka kwa sababu ya uwajibikaji wa kisiasa: polisi walikuwa chini ya wizara yake. Unaweza kulisoma hilo kwa namna mbili. Ya kwanza, mambo yaliharibika akiwa kwenye usukani. Ya pili, ni mmoja wa viongozi wachache wa nchi hii waliowahi kulipa gharama ya kisiasa kwa makosa ya walio chini yao. Zote mbili ni kweli kwa wakati mmoja, na mpiga kura ana haki ya kuzibeba zote.

Kuna jingine ambalo sisi waandishi hatuwezi kuliruka. Septemba 2, 2012, mwandishi Daudi Mwangosi aliuawa pale Nyololo, Mufindi, mkoani Iringa, katikati ya polisi waliokuwa wakizuia shughuli za Chadema. Nchimbi alikuwa na miezi michache tu wizarani. Aliunda kamati ya kuchunguza, na baadaye askari mmoja alihukumiwa kifungo. Mimi nilikuwa bado shuleni. Nilipoanza kusomea uandishi, jina la Mwangosi lilikuwa mojawapo ya majina ya kwanza tuliyojifunza darasani.

Sitaji hili kumtwika mtu mmoja mzigo wa jeshi zima. Nalitaja kwa sababu mtu aliyewahi kusimamia polisi aliomba nafasi iliyo hatua moja kutoka kwa Amiri Jeshi Mkuu. Swali la kumuuliza ni jepesi: ulijifunza nini pale wizarani, na utamshauri nini Rais kuhusu matumizi ya nguvu?

MZANI WA TATU: UTIIFU AU MSIMAMO?

Hiki ndicho kipengele kinachonivutia zaidi, maana Nchimbi ana sura mbili.

Sura ya kwanza ni ya Julai 2015. Kamati Kuu ya CCM ilikata jina la Edward Lowassa kwenye mbio za urais. Usiku ule pale Dodoma, wajumbe watatu wa Kamati Kuu walitoka mbele ya waandishi na kusema hawakubaliani na uamuzi huo: Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa. Ndani ya CCM hilo siyo jambo dogo. Mambo ya kikao hubaki kwenye kikao.

Wengi tulidhani amekwisha. Lowassa alihamia Chadema, yeye alibaki. Machi 2017, Simba alifukuzwa uanachama, Kimbisa akasamehewa, Nchimbi akapewa onyo kali akiwa tayari amepangiwa ubalozi Brazil.

Sura ya pili ndiyo hii ya sasa. Mtu aliyewahi kupinga uamuzi wa vikao hadharani ndiye aliyekuja kuwa Katibu Mkuu, msimamizi wa nidhamu ya vikao hivyo hivyo. Na mkutano wa Januari uliompitisha ulifanya uamuzi mapema kuliko tulivyozoea, bila mchakato wa kuchukua fomu na kushindana majina kama ule wa 2015.

Sasa ni yupi anayekuja ofisi ya Makamu? Yule aliyesimama na kusema hapana, au yule aliyejifunza kwamba kusema hapana kunakupeleka Brasília?

Swali hili siyo la kejeli. Kazi ya Makamu kwa Katiba ni msaidizi mkuu wa Rais: kufuatilia mambo ya Muungano kila siku, kufanya atakayoagizwa na Rais, na kushika nafasi Rais anapokuwa nje. Hakuna bajeti kubwa pale, hakuna majeshi. Nguvu pekee ya kweli aliyonayo Makamu ni mdomo wake akiwa amefunga mlango na Rais. Kama mdomo huo hausemi ukweli mgumu, nafasi yote inabaki ya kukata utepe.

RUVUMA TULISHAWAHI KUWA NA MAKAMU

Vijana wenzangu wengi hawajui hili. Nafasi ya Makamu siyo ngeni Ruvuma. Rashidi Mfaume Kawawa, Simba wa Vita, mtoto wa Namtumbo ya leo, alikuwa Makamu wa Pili wa Rais tangu Muungano wa 1964 na baadaye Waziri Mkuu katika miaka ya 1970. Kabla ya hapo, mwaka 1962, alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Na mkoa huu huu ulimtoa Oscar Kambona wa upande wa Ziwa Nyasa, Waziri wa Mambo ya Nje, aliyepishana na Mwalimu na kwenda uhamishoni 1967. Mmoja alikaa na Mwalimu mpaka mwisho, mwingine aliondoka. Wazee wa hapa wanawajua wote wawili na bado wanabishana nani alikuwa sahihi.

Lakini tujiulize, Ruvuma ilipata nini kwa kuwa na Kawawa juu miaka yote ile? Lami ya kutoka Makambako ilifika Songea miaka ya 1980. Lami ya Namtumbo hadi Tunduru imesubiri mpaka muongo uliopita. Umeme wa Gridi ya Taifa umefika Songea 2018, miaka mitatu baada ya Nchimbi kuacha ubunge. Kabla ya hapo tulikuwa na majenereta, na kila mwenye saluni hapa Mfaranyaki anakumbuka ilivyokuwa. Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay tumeisikia tangu tukiwa watoto, na hadi leo ni maneno ya kwenye makaratasi.

Funzo ni kwamba miradi mikubwa haiji kwa sababu mtu wenu amekaa kiti fulani. Inakuja kwa mipango, fedha na miaka mingi ya kusukuma. Gridi haikuletwa na mbunge mmoja, wala haikucheleweshwa na mbunge mmoja. Ukiona mtu jukwaani anakwambia chagua mtoto wa nyumbani barabara zitakuja zenyewe, mwombe akuonyeshe ziko kwenye bajeti ya mwaka gani.

Zaidi ya hapo, Makamu anayeanza kupendelea kwao anavunja kazi aliyopewa. Ofisi yake ni ya Muungano na Mazingira. Ni ya Pemba na Kagera sawasawa na Songea.

MZANI WA NNE, MZITO KULIKO YOTE: 2030

Hapa ndipo naomba usome polepole, maana ndipo penye uzito.

Katiba, ibara ya 40, inasema Makamu akirithi urais ikiwa imebaki miaka mitatu au zaidi kwenye muhula, anaruhusiwa kugombea mara moja tu. Samia alirithi Machi 2021, muhula ukiwa umebakiza zaidi ya miaka minne. Kwa hiyo huu wa 2025 ndiyo uchaguzi wake pekee. Mwaka 2030 CCM itatafuta jina jipya.

Nchimbi amezaliwa Desemba 1971. Oktoba 2030 atakuwa na miaka 58. Umri wa kugombea urais kabisa. Kwa miaka mitano atakuwa anaonekana kila siku, anajulikana na kila mwenyekiti wa mkoa, anapokea wageni wa nje.

Ina maana ndiye Rais ajaye? Taratibu. Historia haisemi hivyo. Omar Ali Juma alifariki akiwa madarakani Julai 2001. Shein alikwenda kuwa Rais wa Zanzibar. Bilal alichukua fomu 2015 akiwa Makamu na hakuingia hata tano bora. Hakuna Makamu tangu 1995 aliyepata urais wa Muungano kwa kupitishwa na chama akitokea kwenye nafasi hiyo. Aliyefika ni mmoja tu, na alifika kwa msiba.

Huyo mmoja ndiye anayetosha kutufundisha. Julai 2015, Magufuli alipomtaja Samia pale Dodoma, habari kubwa ilikuwa kwamba ni mwanamke wa kwanza kuwa mgombea mwenza wa CCM. Alikuwa amepita uwaziri Zanzibar, ubunge wa Makunduchi, Ofisi ya Makamu wa Rais na umakamu mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba. Yote yalikuwa wazi. Lakini ni wangapi tulikaa chini tukauliza, huyu mama akipewa nchi ataiendeshaje? Macho yote yalikuwa kwa Magufuli na Lowassa. Miaka sita haikufika, akawa ndiye anayeamua kuhusu chanjo, bandari, vyama vya siasa na bei ya mafuta.

Hakuna anayemwombea mtu mabaya. Ila ibara ya 37 ipo kwa sababu binadamu ni binadamu. Ukiweka tiki, unachagua watu wawili, na yeyote kati yao anaweza kuwa Rais wako.

VIPI KUHUSU WENGINE?

Uchambuzi huu ungekuwa na kasoro kama ungeishia kwa CCM. Mwaka 2025 Chaumma walimsimamisha Salum Mwalimu, Mzanzibari, na mgombea mwenza wake alikuwa Devotha Minja wa Bara. Naye alistahili maswali yale yale: uzoefu, rekodi, msimamo, na kama anaweza kuvaa viatu vya Rais ghafla.

Lakini ulinganisho wenyewe umepungua. Aprili 9, 2025, mwenyekiti wa Chadema Tundu Lissu alikamatwa Mbinga, hapa hapa mkoani kwetu, baada ya mkutano wa hadhara. Kesho yake alisomewa shtaka la uhaini Dar es Salaam. Aprili 12 Tume ikasema Chadema haitashiriki uchaguzi kwa kutosaini maadili. Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo naye alizuiwa kwenye hatua ya uteuzi mwezi Agosti.

Kwa hiyo mkoa mmoja, mwaka mmoja, umetoa mgombea mwenza wa chama tawala na umeshuhudia kiongozi wa upinzani akikamatwa. Mtu wa Songea anayejivunia la kwanza hawezi kujifanya hakuona la pili. Na kwa mgombea mwenza mwenyewe, ushindi dhidi ya washindani waliopungua hautamwambia kama wananchi wanamkubali. Hilo ni deni aliloanza nalo hata kabla ya kuapa.

HUKUMU YANGU

Kama kipimo ni uzoefu, Nchimbi anapita vizuri. Kama ni kuleta kura, swali halimhusu. Kama ni Muungano, amekaa sahihi kikatiba, ingawa rekodi yake nyingi ni ya chama na ya Bara, na atalazimika kujifunza Zanzibar kwa kasi. Kama ni rekodi ya haki na matumizi ya nguvu, ana maelezo ya kutoa. Kama ni kuwa tayari kwa urais, ana vigezo, lakini hatujasikia anaamini nini hasa nje ya ilani ya chama.

Hilo la mwisho ndilo pengo kubwa. Tumemjua miaka 20 kama mtu wa vikao. Kama Songea tuna upendeleo wowote kwake, basi uwe upendeleo wa kumuuliza kwa sauti kuliko wengine, kwa sababu sisi tunamjua na yeye anatujua.

Mkutano ukifika viwanja vyetu, hatutakosa vigelegele, na hakuna ubaya. Wangoni tunajua kushangilia. Lakini ukipata kipaza sauti, au ukikutana na timu yake mtaani, uliza haya matatu:

1. Ukitofautiana na Rais kwenye jambo la haki za watu, utafanya nini?
2. Muungano una kero gani tatu utakazozishughulikia, na kufikia lini?
3. Ukijikuta Rais kesho asubuhi, nini kitabadilika na nini kitabaki?

Mkulima wa mahindi wa Peramiho hapeleki gunia NFRA bila kupimwa unyevu, hata kama anayepima ni mtoto wa dada yake. Na mgombea mwenza naye apite kwenye kipimo.

Wewe ungemuuliza nini? Kura ilikuwa Jumatano, Oktoba 29, 2025.